Ukipata Ajali Ugenini, Nani Atakutambua?

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Msemo huu una nusu ya ukweli. Dereva mwangalifu, gari zima na barabara njema hupunguza ajali, walakini hakuna kati yetu aliyepewa hati ya kwamba yeye hatapatwa. Lakini mtu apatwapo na ajali katika nchi isiyo yake, aghalabu hupatwa na mambo mawili. La kwanza ni gari kupinduka au kugongana. La pili ni kujikuta amelala kando ya barabara mahali ambapo hapana ajuaye jina lake, wala nyumbani kwake ni wapi, wala ana maradhi gani, wala ni nani atakayelipa gharama za matibabu yake. La kwanza huenda likawa halina kinga. La pili lina kinga, na kinga hiyo tunayo mikononi mwetu kabla hatujafunga mizigo. Hilo ndilo nipendalo tulizungumze leo.

Zamani safari ya nchi ya nje ilikuwa jambo la mabaharia, wanafunzi na waheshimiwa. Leo mfanyakazi wa Nairobi humpakia mkewe na watoto katika gari dogo, akavuka Namanga asubuhi, na kabla ya jua kuchwa yuko Karatu, tayari kuwaonyesha wanawe simba wa Ngorongoro. Vivyo hivyo mfanyakazi wa Arusha huenda harusini Nairobi, na mfanyabiashara wa Mwanza huenda Kigali au Kampala. Tumezoea kuiona mipaka hii kuwa ya jirani, hata tunasahau kwamba ng'ambo yake kuna polisi wengine, sheria nyingine, hospitali nyingine na fedha nyingine.

BARABARA YA WAGENI NA WENYEJI

Tuitazame barabara moja, ile itokayo Arusha kwenda Karatu na Ngorongoro, kwani ni chache katika Afrika ya Mashariki zikusanyazo wageni na wenyeji kwa wingi kama hii. Pale Makuyuni huiacha njia kuu ya kwenda Babati na Dodoma, ikapita Mto wa Mbu, ikaukwea ukingo wa Bonde la Ufa, ikapita Rhotia na kuingia Karatu. Toka Karatu hupanda tena mpaka Lango la Lodoare, na kuanzia hapo msafiri yumo ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 8,300. Ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na sakafu yake iko chini kwa kiasi cha mita 600. Njia ni nyembamba, ina kona nyingi, na asubuhi ukungu huweza kuifunika hata dereva asione zaidi ya hatua chache mbele yake.

Katika njia hiyo hupita magari ya watalii, malori ya mizigo, mabasi ya abiria, pikipiki, na wafugaji na mifugo yao. Lango hufungwa saa 12 jioni, na dereva aliyechelewa hushawishika kuongeza mwendo ili asilikose. Ndugu msomaji, dereva mgeni asiyeijua njia, mwenye haraka, na mwenye watoto waliochoka nyuma yake, yumo hatarini hata kama leseni yake ni ya miaka ishirini. Wazee wetu walisema kwamba mgeni ni kipofu japokuwa ana macho.

SIKU YA MSIBA WA RHOTIA

Barabara hiyo ina kumbukumbu ambayo taifa zima inaijua. Jumamosi, tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilikuwa likiwapeleka wanafunzi wa darasa la saba Karatu, wakafanye mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa huko. Mvua ilikuwa imenyesha. Katika mteremko wa Rhotia basi liliacha njia na kutumbukia korongoni. Walifariki watu 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku ya Jumatatu, tarehe 8 Mei, maelfu ya watu walikusanyika katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, kuwaaga marehemu, na aliyeliongoza taifa katika maombolezo yale alikuwa Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais.

Watoto watatu walitoka hai. Miongoni mwa waliosimama kutoa msaada pale korongoni walikuwamo wageni, watu wa kujitolea kutoka jimbo la Iowa, Marekani, wa shirika liitwalo STEMM. Walikuwa safarini katika barabara hiyo hiyo, wakaikuta ajali, wakashuka. Hawakuwa na jamaa katika basi lile. Wangeweza kupita, wakasema kwamba hii si nchi yao na mambo haya yana wenyewe. Hawakupita.

Mambo hayakuishia hapo. Watoto wale walikuwa wameumia vibaya, wakalazwa katika Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, Arusha. Shirika lile, pamoja na Bwana Lazaro Nyalandu aliyekuwa mbunge wa Singida Kaskazini wakati huo, lilihangaika mpaka ikapatikana ndege ya shirika la Samaritan's Purse. Tarehe 14 Mei watoto watatu, pamoja na mama zao, daktari na muuguzi wa Kitanzania, waliondoka katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kwenda mji wa Sioux City, Iowa, ambako walitibiwa katika hospitali ya Mercy. Tarehe 18 Agosti mwaka huo huo walirudi nyumbani. Wazee waliosema "mgeni njoo, mwenyeji apone" hawakuwa wakiizungumza barabara ya Karatu, lakini siku ile msemo wao ulitimia kama ulivyo.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi ugeni ulivyogeuka. Tarehe 6 Mei wageni walikuwa Wamarekani katika nchi yetu. Siku nane baadaye wageni walikuwa watoto wetu na mama zao, katika nchi wasiyoijua, wakizungukwa na lugha isiyo yao. Ni nini kilichowavusha salama? Huruma ya watu, bila shaka. Lakini huruma peke yake haivuki mpaka. Zilihitajika hati za kusafiria na viza zilizotolewa kwa haraka, taarifa za madaktari juu ya kila jeraha, ridhaa ya wazazi, na watu waliowajua viongozi na waganga wa pande zote mbili. Kila mtoto aliondoka akiwa na jina, na mama aliyelijua jina hilo. Mtu apatwaye na ajali ugenini akiwa peke yake hana haya yote, na ndiyo maana imempasa ayabebe mwenyewe.

DAKIKA ZA MWANZO

Basi na tuseme kwamba jambo limekwisha kutokea. Gari lako limegongana na jingine, au limeteleza na kuingia mtaroni, nawe uko mbali na kwenu. Ufanye nini?

Kwanza, simama. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 yamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, awasaidie walioumia, ajitambulishe, na atoe taarifa polisi. Na sheria za jirani zetu zafuata njia hiyo hiyo. Akimbiaye huongeza kosa juu ya msiba. Ikiwa umati umewaka hasira nawe wahofia maisha yako, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukatoe taarifa mwenyewe. Huko si kukimbia. Kukimbia ni kujificha.

Pili, zuia ajali ya pili. Zima injini, vuta breki ya mkono, washa taa za tahadhari. Asiwepo wa kuvuta sigara. Watoe watoto na wazima wote nje kabisa ya barabara. Weka vile vibao vya pembetatu vinavyong'aa, mbali nyuma ya gari na mbali mbele yake, na kama huna, kata matawi mabichi uyatandaze njiani, kwani dereva wa pande hizi hajui lugha nyingine iliyo wazi kuliko hiyo. Ukiwa ndani ya hifadhi usiwaache watu watawanyike porini kutafuta kivuli au mtandao wa simu: kuna nyati na tembo, nao hawajui kama mmepata msiba. Kaeni karibu na gari, mkampelekee habari askari wa hifadhi kwa gari la kwanza lipitalo, kwa sababu si kila mahali simu hushika.

Tatu, wahesabu watu kwa majina. Katika gari lenye watu wengi mtu huweza kurushwa nje akalala katika majani, huku wenzake wakidhani kwamba amekwisha kuchukuliwa.

Nne, watazame walioumia. Anayelia na kupiga kelele yu hai na anapumua. Mwanzie yule aliyenyamaza. Jeraha litokalo damu nyingi likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, na kanga iliyokunjwa hufaa sana. Mtu alalamikaye shingo au mgongo asivutwe wala asikalishwe, isipokuwa kama moto au hatari nyingine yamkaribia. Wengi huumizwa zaidi na wasaidizi wao kuliko na gari. Aliyezimia lakini anapumua alazwe kwa ubavu, kichwa na shingo vikishikiliwa visipinde, ili matapishi yasimzibe koo. Usimpe majeruhi chakula wala maji, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Mfunike. Kule juu ya ukingo wa kreta baridi ni kali hata mchana, na mtu aliyepoteza damu hudhoofishwa na baridi upesi.

Tano, chunga ulimi wako. Usigombane, usimlaumu mtu, wala usitoe fedha barabarani ili mambo yaishe. Huijui bado hali ya aliyeumia, nawe hujui kama aliyepokea fedha ndiye mwenye haki nazo. Andika namba za magari, majina ya madereva, bima zao, na majina ya mashahidi wawili au watatu walio wenyeji wa mahali hapo. Kama una simu yenye kamera, piga picha za magari, alama za matairi na barabara. Picha za watu walioumia hazikuhusu wewe wala dunia.

POLISI NA BIMA

Namba ya dharura ya 112 hutumika Tanzania na hata Kenya, na kule Kenya pia ipo 999. Mkimpata askari wa usalama barabarani, atapima na kuchora mchoro wa mahali pa ajali. Kwa hiyo magari yasisogezwe kabla hajafika, isipokuwa kwa ajili ya kumwokoa mtu. Baadaye gari hupelekwa kituoni kukaguliwa na mkaguzi wa magari. Wageni wengi hukasirika hapa, wakadhani wamenyang'anywa mali yao. Ndugu yangu, ndiyo desturi ya kazi. Kilicho haki yako ni kujua gari liko kituo gani, kesi imepewa namba gani, na askari anayeishughulikia ni nani. Yaandike mambo hayo matatu. Na ikiwa hati yako yoyote yachukuliwa, omba maandishi ya kuipokea.

Maelezo utakayoandikisha polisi yawe ya kweli, yawe mafupi, na yawe ya yale uliyoyaona wewe. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Kiswahili chetu ni kimoja lakini kina nyumba nyingi, na lugha ya kisheria ni ngumu hata kwa mzawa. Omba usomewe polepole. Ukishtakiwa, tafuta wakili, na ukumbuke kwamba dhamana ya polisi haiuzwi.

Juu ya bima, watu wengi husafiri gizani. Bima ya lazima ya gari, ile ya kumfidia mtu mwingine utakayemdhuru, aghalabu hukoma mpakani. Ndiyo maana kuna ile iitwayo Kadi ya Njano, mpango ulioanza kufanya kazi mwaka 1987 na ambao leo uko chini ya jumuiya ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, walakini imebaki katika mpango huo wa bima, na hapa nchini Shirika la Bima la Taifa ndilo liusimamialo. Mwenye kadi hiyo akimdhuru mtu katika nchi nyingine ya mpango, dai hushughulikiwa na ofisi ya nchi ile ile iliyotokea ajali, kwa sheria za nchi hiyo. Husaidia pia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake. Lakini kwa kawaida haitengenezi gari lako wewe. Ulizia jambo hilo katika kampuni yako ya bima kabla ya safari, maana pale barabarani hapana wa kukujibu.

Wanaokwenda Rwanda, Burundi au Kongo wakumbuke jambo moja zaidi: huko magari hupita mkono wa kulia. Dereva wetu aliyezoea kushoto huikumbuka sheria hiyo vizuri asubuhi, kisha akaisahau jioni akiwa amechoka, hasa atokapo kituo cha mafuta na kuingia barabara tupu.

HOSPITALI

Pale Karatu kuna Hospitali ya Kilutheri, na kuna hospitali iitwayo FAME, iliyoanza kama zahanati mwaka 2008 kwa juhudi za daktari wa Kimarekani, Frank Artress, na mkewe Susan Gustafson. Ndani ya hifadhi kuna hospitali ya Endulen. Wenye kuhitaji zaidi hupelekwa Mount Meru, Arusha, au Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Moshi. Tangu mwaka 1957 wako pia Madaktari Warukao wa AMREF wenye makao yao Nairobi, ambao huwachukua wagonjwa kwa ndege, na uwanja wa ndege wa Manyara hauko mbali na Karatu. Lakini ndege ya wagonjwa ni ghali mno, na asiye na bima ya safari au uanachama atatakiwa aonyeshe ni nani atakayelipa. Kadi ya bima ya afya itumikayo nyumbani usidhani kwamba itamfuata mwenyewe ng'ambo ya mpaka, uliza. Serikali nazo zimeanza kulitazama jambo hili: Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, humtaka mgeni kutoka nje ya nchi awe na bima ya safari aingiapo visiwani.

Katika Tanzania majeruhi wa ajali huhitaji fomu ya polisi iitwayo PF3, na Kenya wanayo yao iitwayo P3. Fomu hizo huandikwa majeraha, nazo ndizo ushahidi wa baadaye mahakamani na kwa watu wa bima. Mgawane kazi: mmoja afuatane na mgonjwa hospitali, mwingine aende polisi kuchukua fomu. Mtu mwenye hali mbaya asikawizwe barabarani kwa ajili ya karatasi. Na kabla ya kuondoka hospitali, omba nakala ya kila kitu: picha za eksirei, majina ya dawa alizopewa, stakabadhi za malipo. Daktari wa nyumbani atakayempokea mgonjwa wako hatakuwa na njia nyingine ya kujua kilichofanyika.

KUWAARIFU WA NYUMBANI

Habari mbaya ina miguu mirefu, na isipopelekwa vizuri hufika imevunjika. Chagueni mtu mmoja wa kupeleka habari nyumbani, na awe mmoja wa kuipokea. Aseme: nani wamo, nani wameumia, wako hospitali gani, kesi iko kituo gani, na kinachohitajika sasa ni nini. Usiandike jina la aliyefariki, wala kusambaza picha, kabla mzazi au mwenziwe hajaambiwa kwa mdomo na mtu anayemheshimu. Kuna mama waliojua habari za watoto wao kwa simu ya jirani. Tusiwe sisi tuliozituma.

Arifuni pia ubalozi wenu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya shughuli za kibalozi unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe, na unazitaka serikali ziuarifu ubalozi raia wake afarikipo. Tusitarajie kwa ubalozi yasiyo kazi yake: haulipi deni la hospitali, wala hauwezi kumtoa mtu katika mikono ya sheria. Lakini huwatafuta jamaa, hutoa hati ya dharura kwa aliyepoteza pasipoti, huonyesha mawakili, na husemezana na wakubwa wa mahali hapo.

Iwapo mtu amefariki, familia ina maamuzi mazito ya kufanya kwa haraka: kumzika alipofia au kumrudisha kwao. Kumrudisha kwataka cheti cha kifo, ripoti ya daktari, kibali cha polisi, uthibitisho kwamba mwili umehifadhiwa kwa dawa, na vibali vya mpakani. Hayo huchukua siku na fedha, na kwa ndugu zetu Waislamu, ambao huharakisha maziko, huwa mtihani wa pekee. Ni vema wazee wa familia wawe wamekwisha kuyazungumza kabla, ingawa ni maneno yasiyopendeza mezani. Juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro liko kaburi la mawe la Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilipoanguka, akiwa katika kazi ya kuwahesabu wanyama wa Serengeti. Alizikwa pale pale. Baba yake, Bernhard, alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakalazwa kando ya mwanawe. Kuzikwa ugenini si lazima kuwe kutupwa, ikiwa wapo wanaojua aliyelala pale ni nani.

NASI TULIO WENYEJI

Nimesema mengi kwa msafiri. Hainipasi kukaa kimya juu yetu sisi tunaobaki kwetu, ambao ajali ya mgeni hutukuta mlangoni.

Tunafahamu wote yatendekayo mahali pengine: gari limepinduka, na kabla majeruhi hawajatolewa, mifuko yao imekwisha kupekuliwa. Aibu hiyo si ya umaskini. Maskini wengi wamewabeba majeruhi mgongoni bila kugusa hata saa zao. Na yapo yasiyo aibu tu bali ni mauti. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakalikusanyikia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Lori la mafuta lililoanguka hukimbiwa. Wa kuitwa ni polisi na zimamoto.

Kwa mgeni aliyeumia, mwenyeji ana kazi nne nyepesi. Amwulize jina lake na kulikumbuka, kwa sababu huenda akazimia baada ya dakika chache. Aikusanye mizigo yake mahali pamoja, na pasipoti yake aikabidhi polisi mbele ya mashahidi. Afuatane naye hospitali, au amtafute wa kufuatana naye. Na jioni apite kumjulia hali, japo kwa chupa ya chai. Mtu aliyelala katika wodi ambamo kila mgonjwa ana ndugu wa kumletea uji, na yeye hana, huona ugeni kuliko maumivu.

KARATASI MOJA

Sasa nirudie kile nilichokisema mwanzo, kwamba ajali ile ya pili, ya kukosa akujuaye, inayo kinga. Kinga yenyewe ni karatasi moja.

Andika jina lako kamili na uraia wako. Andika namba mbili za simu: moja ya mtu wa nyumbani, na moja ya mwenyeji wako huko uendako, awe jamaa, mwenye nyumba ya wageni au mfanyakazi mwenzako. Andika maradhi uliyo nayo, kama kisukari, pumu au kifafa, dawa utumiazo, na dawa zinazokudhuru. Andika namba ya bima na simu ya kampuni. Weka karatasi moja katika mfuko wa nguo uliyovaa, wala si katika sanduku. Nyingine iache nyumbani pamoja na nakala ya pasipoti na leseni. Kila mtoto awe na yake mfukoni. Usitegemee simu peke yake: simu iliyofungwa kwa namba ya siri, au iliyovunjika kioo, haiwezi kukutaja.

Baba atasema kwamba ni kuitakia mabaya safari. Mwambie kwamba mkanda wa kiti haujaita ajali hata mara moja, wala karatasi haitaiita. Kama safari itakwenda salama, kama tunavyoomba, karatasi itafuliwa pamoja na suruali na hapana hasara. Na kama haitakwenda salama, mtu wa Rhotia, au wa Namanga, au wa Kigali, ambaye hajapata kukuona maishani mwake, ataifungua, atakuita kwa jina lako, na kabla usiku haujaingia watu wa kwenu watakuwa wamejua uliko.

Mwandikie kila mmoja nyumbani mwako usiku wa leo. Safari njema, na tukutane Jumapili ijayo.